SOMO: Cheni ya timingi, utajuaje muda wa kubadilisha umefika?

Wadau habari zenu. Hapa Mwanza kila siku mtu anaambiwa "bosi cheni imeisha hii", kisa fundi kasikia injini inalia tu, anauziwa cheni, anarudi nyumbani na mlio wake uleule. Twende taratibu kabla hujatoa hela. Cheni ya timingi ni ile iliyo ndani ya injini, inaunganisha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (shafti inayofungua valvu) zizunguke pamoja.

1. Jua una cheni au mkanda wa timingi wa mpira. IST, Vitz, Passo, Noah ya injini 1AZ, X-Trail ya QR20, hizo cheni. Forester ya EJ20 na Hiace dizeli ya 1KD ni mkanda, na mkanda una kilomita zake, zikifika unatoa hata kama uko kimya. Cheni haina namba hiyo, ikitunzwa na oili inavuka hata 200,000. Kilomita za dashibodi za gari mtumba mi siziaminigi, kuna watu kazi yao ni kuzirudisha nyuma.

2. Sikiliza asubuhi. Hapa ndo penyewe. Gari ilale usiku kucha, fungua boneti, mwambie mtu apige stata wewe umesimama upande wa feni belti, kwa IST ni upande wa dereva. Ikilia krakrakra sekunde moja mbili ikanyamaza, mara nyingi ni tensheni inasubiri presha ya oili ndo ikaze cheni. Ikiendelea mpaka injini imepata moto, au ukikanyaga mafuta kidogo inachakarika, hapo cheni au zile reli zake za plastiki zimechoka.

Halafu chomoa feni belti, washa sekunde chache tu uzime, usiache iendelee maana pampu ya maji haizunguki. Mlio ukipotea, shida ni bearingi ya alteneta, pampu au puli, cheni haihusiki kabisa!

3. Chomoa stiki ya oili. Imeshuka chini ya alama, au nyeusi nzito inanata vidoleni? Mwaga, weka oili ya namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari na filta mpya, sikiliza tena siku kadhaa.

4. Mashine ya kusoma kodi za kompyuta ya gari. Ikisoma P0016 maana yake krenki na kamshafti hazisomani, cheni inaweza kuwa imevutika. P0011 usikimbilie cheni, cheki kwanza ile valvu ya oili ya VVT-i (mfumo wa Toyota unaobadilisha muda wa valvu kufunguka), inaziba sana uchafu.

5. Fungua tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini. Hapa fundi asikuambie, akuonyeshe. Cheni inalegea ukiibonyeza kwa kidole, tensheni imetoka karibu mwisho, reli zimechimbika, au kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) kuna vipande vya plastiki kama kucha, basi badilisha. Na ukibadilisha weka vyote, cheni, tensheni, reli, oili sili ya krenki, na meno ya gia yaangaliwe. Ukibana hela kwenye tensheni utalipa ufundi mara mbili.

MASWALI

*Mdau wa Buzuruga:* Mkuu IST yangu inagonga asubuhi sekunde mbili inaacha, taa ya injini haijawaka. Nibadili?

*Jibu:* Bado kaka. Anza na filta, zile za bei chee zinaachia oili yote irudi chini usiku, asubuhi tensheni inakuta pakavu.

*Mdau wa Kirumba:* Fundi kasema atakata pingili moja cheni ikaze, ni sawa?

*Jibu:* Dada kimbia hapo 😂 hiyo akili ya baiskeli. Cheni haijaongezeka pingili, kila pini imelika kidogo kidogo, ukikata alama za timingi hazikutani tena.

*Mdau wa Nyegezi:* Vipi cheni mtumba ya Japani, si bora kuliko mpya feki?

*Jibu:* Mtumba nayo imeshalika na hujui kwa kiasi gani. Jichange ununue mpya ya kueleweka.

*Mdau wa Igoma:* Wikiendi naenda Geita msibani na Noah, inagonga hata ikiwa ya moto, nitaendesha polepole tu.

*Jibu:* Pole kwa msiba mkuu, ila panda basi. Polepole haisaidii, cheni ikiruka meno valvu zinakutana na pistoni, na hata kuwasha tu inaweza kuruka. Sikuhizi daraja la Kigongo-Busisi lipo, husubiri kivuko, utawahi. Hiyo Noah ivutwe mpaka gereji, usiiwashe.