Kuotesha ua la Usambara kwa jani moja, na kulitunza lisioze

Wakuu leo tuongelee ua la Usambara, lile dogo linalokaa chinichini, majani yake ya mviringo yana vinyoya na maua yake ya zambarau yana kitone cha njano katikati. Madukani Dar na Nairobi wanaliuza kwa jina la afrikan vayoleti na watu kibao wanadhani limetoka Ulaya, kumbe kwao ni hapahapa Tanga. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa utawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ujerumani, mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina Saintpaulia ionantha, alafu kuanzia miaka ya 1920 kitalu kimoja cha Los Angeles kikaanza kulichanganyachanganya mpaka leo zipo aina maelfu, za pinki, nyeupe, zenye petali za marinda. Tangu 2015 wasomi wamelihamishia kwenye ukoo wa Streptocarpus lakini ukienda na jina hilo kwa muuza maua atakushangaa, we sema Saintpaulia au ua la Usambara yatosha.

Kitu kimoja ukikielewa utaelewa karibu kila kitu nitakachosema hapa chini. Hili ua porini linaota kwenye jiwe. Ukipita msitu wa Amani, au kando ya mito inayoshuka kutoka milima ya Usambara, au hata chini kabisa karibu na mapango ya Amboni, utalikuta limejishikilia kwenye mwamba wenye ule ukijani wa unyevunyevu, udongo wake ni majani yaliyooza yakanasa kwenye ufa, basi. Mvua ikinyesha maji yanapita yanakwenda zake, hayatuami kwenye mizizi, na jua linalifikia kwa kuchujwa na miti mikubwa juu yake. Sasa sisi tunalichukua tunalitia kwenye chungu kikubwa cha udongo mzito wa bustanini tunalimwagilia asubuhi na jioni, alafu tunashangaa limeoza.

Haya, tuanze.

Hatua ya kwanza ni kupata jani. Usiende kung'oa msituni, nasema mapema. Kwanza kwenye hifadhi kuchukua mmea bila kibali ni kosa, pili aina nyingine zinapatikana sehemu moja tu duniani, kwa mfano ile ya kilima cha Mbololo kule Taita, Kenya, ukibeba mashina yako mawili matatu na mwenzio akabeba yake imeisha hiyo. Tatu hamna haja kabisa, kwa sababu jani moja linatoa miche kadhaa. Kwa hiyo omba jani kwa jirani, kwa shangazi, kwa mama yeyote mwenye nalo dirishani, hakuna atakayekunyima na mmea wake hautapungukiwa kitu.

Chagua jani la mstari wa katikati. Yale ya chini kabisa yamezeeka yanachelewa sana, yale ya katikati ya moyo bado machanga, yanaoza. Liwe gumu, kijani safi, halina doa. Na ujue hili mapema: yale maua yenye mistari kama ya pipi, yaani rangi mbili zinazotoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka, jani lake kwa kawaida halitoi mtoto anayefanana na mama. Utapata ua zuri tu lakini rangi moja. Usije ukalalamika kwamba umepewa jani feki.

Hatua ya pili, udongo. Hapa ndo watu wengi wanapoharibu. Unataka mchanganyiko mwepesi, ukiukamata kiganjani ukaukandamiza ukauachia unafumuka wenyewe. Mimi natumia mboji ya majani iliyooza vizuri na kuchekechwa sehemu moja, kumvi za nazi (yaani makumbi yaliyosagwa) sehemu moja, na mchanga wa mtoni wa chenga kubwa uliochanganywa na chenga za mkaa sehemu moja. Kumvi za nazi zioshe kwanza kwa maji mengi, za pwani hasa zinakuwa na chumvi. Mchanga wa baharini usiguse. Walioko Nairobi na Arusha wanaweza kupata zile chenga za mawe mepesi ya volkano, hizo ni nzuri kuliko mchanga maana zinashika hewa. Ukitaka kuua wadudu na fangasi mwagia mchanganyiko wote maji yaliyochemka, uache upoe na uchuje maji siku nzima ndo utumie. Kwa ajili ya kuotesha jani peke yake, kumvi na mchanga nusu kwa nusu zinatosha, mboji haihitajiki bado.

Hatua ya tatu, kukata na kupanda. Chukua wembe mpya, upanguse kwa spiriti, kata kikonyo ubakize kama sentimita 3 hivi, kata kwa mshazari, ule upande uliokatwa uangalie juu, upande mmoja na uso wa jani, hapo watoto wanachomoza kwa urahisi zaidi. Ncha ya jani nayo unaweza kuikata kidogo kwa juu, hiyo inalifanya jani liache kujikuza lenyewe lipeleke nguvu chini, sio lazima ila mimi nakata. Acha kidonda kikauke robo saa, alafu chomeka kwenye kikopo cha mtindi ulichotoboa matundu chini. Kina kifupi, sentimita moja na nusu tu inatosha, ukizamisha sana watoto wanapata tabu kutoka. Mwagia kidogo, funika na mfuko wa plastiki unaoona ndani, weka sehemu yenye mwanga bila jua la moja kwa moja. Kila baada ya siku chache fungua dakika chache hewa iingie. Kuna wanaootesha kwenye glasi ya maji, na inaota kweli, ila mizizi ya majini ikihamia kwenye udongo inashtuka na unajikuta umepoteza muda, mimi siipendi.

Hatua ya nne ni kuacha. Wiki 3 au 4 mizizi inakuwa imetoka, watoto wanachomoza juu ya udongo kuanzia wiki ya 6 mpaka ya 10 hivi, kwenye baridi la Lushoto inaweza kuzidi hapo. Usiwe unalivuta jani kila siku kuangalia kama limeota, unaikata mizizi. Jani likiwa bado gumu na kijani lipo hai, subiri. Likiwa laini na kahawia kwenye kikonyo, kata sehemu iliyooza mpaka ufikie nyama safi, anza upya na hilohilo.

Watoto wakifikisha majani ya ukubwa wa sarafu ndo unawatenganisha. Mwaga kikopo chote mkononi, pekua taratibu, kila mmoja ana mizizi yake midogo, panda kila mmoja kikopo chake. Na jani mama lirudishe ardhini, mara nyingi linazaa tena.

Chungu sasa. Kanuni ni kwamba upana wa chungu uwe theluthi ya upana wa mmea wenyewe ukipima kutoka ncha ya jani hadi ncha ya jani ya upande wa pili. Mmea wa sentimita 24 chungu cha 8. Najua utaona ni kidogo mno, wateja wangu wote wanabisha hapa, wanataka chungu kikubwa "lijinafasi". Halijinafasi bwana, linakaa na udongo mbichi usio na mizizi ya kuunyonya, na udongo mbichi ndo uozo. Kumbuka ule ufa wa jiwe.

Mwanga: dirisha linalopata jua la asubuhi ni zuri kuliko yote. Dirisha la magharibi weka pazia jepesi. Mmea wenyewe unasema, majani yakisimama juu yanatafuta kitu na vikonyo virefu, mwanga hautoshi, yakilala chini kukumbatia chungu na yamepauka, umezidi. Majani mazuri halafu hamna maua mwaka mzima, tisa kwa kumi ni giza, sogeza karibu na dirisha kabla hujakimbilia mbolea. Geuza chungu robo duara kila wiki, la sivyo litaegemea upande mmoja.

Joto linalolifaa ni kati ya nyuzi 18 na 27. Kwa hiyo Lushoto, Arusha na Nairobi mko vizuri isipokuwa Juni mpaka Agosti, usiku mtoe mbali na kioo cha dirisha kinachopoa. Dar, Mombasa na Tanga mjini linaishi ila kuanzia Desemba mpaka Machi vitumba vinaweza kudondoka kabla ya kufunguka, weka chumba chenye ubaridi kuliko vyote, na ukiwa na eesii usiweke pale upepo wake unapopiga, ile hewa ni kavu na haya majani yanataka unyevu. Sinia lenye kokoto na maji kidogo chini ya chungu linasaidia, mradi chungu kikae juu ya kokoto kisiguse maji.

Maji ndo somo lenyewe. Gusa udongo wa juu kwa kidole, ukiwa mkavu mwagilia, ukiwa na unyevu ondoka. Hamna ratiba ya Jumatatu na Alhamisi hapa. Maji yawe ya uvuguvugu wa chumbani, ya friji au ya bomba la asubuhi ya baridi yakigusa jani yanaacha madoa ya njano au meupe ambayo hayatoki tena, sio ugonjwa na hamna dawa, ni baridi tu. Ya bomba yenye dawa yaache kwenye ndoo usiku kucha. Njia rahisi ni kuweka maji kwenye kisahani, kaa nusu saa, yaliyobaki mwaga. Alafu mara moja kwa mwezi mwagilia kutoka juu, kwenye udongo sio kwenye moyo wa mmea, mpaka maji yatoke chini, hiyo inaosha chumvi za mbolea. Ukiona utando mweupe kwenye ukingo wa chungu ujue chumvi imezidi, vikonyo vinavyolalia pale vitaoza.

Kwa wanaosafiri kuna utambi. Chukua uzi wa kufumia wa nailoni, sio pamba maana pamba inaoza, upitishe kwenye tundu la chini upande ndani ya udongo kama sentimita 3, ncha nyingine itumbukie kwenye kopo la maji chini yake. Mmea unajinywesha. Ila kwa utambi mchanganyiko wako uwe mwepesi zaidi, ongeza mchanga na mkaa.

Mbolea: NPK 20-20-20 ya kuyeyusha, ile ya duka la pembejeo, robo kijiko cha chai kwa lita 4 za maji, kila unapomwagilia. Udongo ukiwa umekauka kabisa loanisha na maji matupu kwanza. Urea na DAP ziache shambani kwenye mahindi.

Baada ya mwaka utaona shingo, yaani shina tupu limechomoza chini ya majani kwa sababu majani ya chini yakizeeka unayatoa. Toa mmea, kata upande wa chini wa bonge la mizizi kipande kinacholingana na urefu wa shingo, kwangua shingo taratibu kwa kisu, rudisha chungu kilekile ukizamisha mpaka majani ya chini yaguse ukingo. Mizizi mipya itatoka shingoni. Na vile vichipukizi vya pembeni ving'oe vikiwa vidogo, ukiviacha maua yanapungua.

Wadudu. Vidung'ata, vile vyeupe vya utando kwenye makwapa ya majani, gusa kimoja kimoja kwa pamba ya masikio yenye spiriti, na chungulia mizizi pia wanapenda kujificha huko. Unga wa njano ukimwagika juu ya petali ni thripsi, kata maua yote na vitumba vyote, wanakula huo unga. Moyo wa mmea ukijikunja ukawa mgumu wa kijivu ni utitiri, huo tupa mmea na udongo wake mbali, usihurumie maana utaambukiza mingine. Paka na watoto wakitafuna jani hawadhuriki, halina sumu.

Na ukitaka kumtumia mtu jani mkoani, funga kikonyo na tishu iliyoloa kidogo tu, tia kwenye mfuko wa plastiki, puliza hewa ndani ufunge, weka kwenye boksi uandike juu lisiwekwe juani. Kwa basi la Lushoto mpaka Mwanza linafika likiwa gumu vilevile, akilipokea akate upya ncha ya kikonyo ndo apande.