Uzamivu ughaibuni, sampuli Mtwara: kwa anayetaka kutafiti virusi vya muhogo

Kama unasoma shahada ya uzamivu ya baiokemia au baiolojia ya molekuli Uingereza, Ujerumani au Marekani, na unatafuta mada inayogusa nyumbani, ufikirie ugonjwa wa michirizi ya kahawia wa muhogo. H. H. Storey aliueleza mwaka 1936 kutokana na mashamba ya chini ya milima ya Usambara, na kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa maradhi ya pwani, mpaka ulipozuka Uganda mwaka 2004 kwenye maeneo ya juu. Kusini mwa Tanzania wakulima wameishi nao siku zote hizo. Leo tunajua unaletwa na virusi vya spishi mbili, CBSV na UCBSV, vyenye RNA (molekuli inayobeba maelekezo ya kirusi) ya takriban herufi 9,000, na kwamba huenezwa na inzi weupe pamoja na pingili zilizoambukizwa. Ndani ya RNA hiyo kuna jeni iitwayo Ham1, ya kimeng'enya kinachoondoa nyukleotidi zilizoharibika. Ni nadra kuikuta kwenye virusi vya ukoo huu. Inamsaidia nini kirusi ndani ya jani la muhogo? Hapo pana kazi ya miaka minne, na zaidi.

Usiandike pendekezo lako lote ughaibuni kisha ndipo utafute mwenyeji wa kukupokea. Anza na TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, ukiwa bado na ukurasa mmoja tu wa wazo. Waulize wanachotaka kujua wao, na jina la mtafiti wao liingie kwenye pendekezo na kwenye bajeti, si kwenye shukrani za mwisho. Hata ukiacha heshima pembeni, COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) itakutaka uwe na mshirika wa ndani utakapoomba kibali cha utafiti. Na kama umechukua uraia wa nchi nyingine, kumbuka kwamba mbele ya sheria ya Tanzania wewe si raia: waulize Uhamiaji mapema kuhusu kibali cha ukaazi daraja C. Mkenya na Mganda vilevile. Ukigusa damu au mkojo wa binadamu, kwa mfano kupima sayanidi ya muhogo mwilini, hapo lazima upite NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kwa kibali cha maadili, na ratiba yako yote itabadilika.

Kibali cha COSTECH hakikupeleki shambani moja kwa moja. Unashuka nacho kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Tenga siku za kutosha kwa hatua hizi na usizikimbize. Mtendaji akikusindikiza mwenyewe hadi shambani na kukutambulisha, kazi inakwenda vizuri. Mwenye shamba naye apewe shikamoo yake, aelezwe unachokata na kwa nini, na shina ukiling'oa ulilipe.

Sasa jani lenyewe. Aliyezoea batobato, ugonjwa mwingine wa virusi wa muhogo, hutazama kilele cha mmea, maana huko ndiko majani hujikunja. Michirizi ya kahawia haiko hivyo. Inama, tazama majani yaliyokomaa ya chini: utaona umanjano ukifuata mishipa, ubavuni mwa jani kukiwa bado kijani kabisa. Hayo ndiyo ya kuchukua. Kisha omba mzizi mmoja ukatwe vipande. Mmea unaweza kuwa na majani ya kupendeza huku ndani ya mzizi kuna madoa makavu ya kahawia, magumu kama kizibo, na mkulima hujua hasara siku ya kuvuna. Piga picha ya jani na ya mzizi wa mmea huohuo, uandike aina ya muhogo kwa jina wanaloliita pale kijijini, na alama za GPS.

RNA huanza kuoza mara tu jani linapokatwa, kwa sababu vimeng'enya vya kuivunja viko kila mahali, hata kwenye vidole vyako. Vaa glavu. Naitrojeni ya kimiminika pangia kama vile haipo. Weka vipande vya jani kwenye bahasha ya karatasi, ndani ya mfuko wenye punje za silika zinazobadili rangi zikishiba unyevu, ukazibadilishe jioni hiyohiyo. Kadi za FTA (karatasi maalumu za kuhifadhia sampuli) nazo zinafaa kwa kutambua kirusi, ingawa kwa kusoma jenomu nzima mimi nisingezitegemea peke yake. Maabarani, jani la muhogo lina polisakaridi na polifenoli nyingi. Tumia CTAB yenye PVP, kemikali za kuviondoa, la sivyo PCR (njia ya kunakili DNA) itakataa na utahangaika na praima, vipande vya kuanzishia unakili, zisizo na kosa.

Ushauri wangu mkubwa: toa RNA na utengeneze cDNA (nakala yake ya DNA) nchini, kwa makubaliano na maabara ya TARI Mikocheni, Dar es Salaam. cDNA inavumilia safari, na kijana wa maabara anayeshika kazi pamoja nawe anabaki na ujuzi. Chochote kitakachotoka nje kiwe na mkataba wa uhamishaji sampuli uliosainiwa, na kwa majani, cheti cha usafi wa mimea kutoka TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania) pamoja na kibali cha kuingiza cha nchi uliko. Msimamizi wako akikuambia weka tu kwenye begi, kataa. Ni kirusi hai cha zao la watu.

Muda: njoo kati ya mwisho wa Mei na Julai. Mvua zimekwisha na majani ya chini bado hayajapukutika. Barabara nayo huwa na nafuu. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata ya Dar es Salaam–Lindi pale Somanga. Ukikusanya miezi hiyo, una nafasi ya kumpa afisa ugani majibu ya kila shamba, kwa Kiswahili, ifikapo Oktoba. Pingili hukatwa kabla ya mvua za Novemba na Desemba, na mkulima anayejua shina lipi lina kirusi hatalipanda tena.