Kukagua mashine ya usingizi kabla ya mgonjwa wa kwanza

Daktari anayesomea fani ya usingizi ajizoeze kukagua mashine mwenyewe kila asubuhi, hata kama fundi ameshapita.

Anza na kisichotegemea mashine: mfuko wa ambu, yaani mfuko wa kumpumulisha mgonjwa kwa mkono, na mtungi wake wa oksijeni. Ziba mdomo wa ambu kwa kiganja, kisha bonyeza, ukinywea, unavuja. Mashine ikizimika katikati ya upasuaji, huo ndio utakaompumulisha mgonjwa, kwa hiyo uning'inie karibu, usifungiwe kabatini. Washa na mashine ya kufyonza mate na matapishi, uzibe mpira wake kwa kidole uone geji ikipanda.

Bomba la oksijeni la ukutani lisome karibu baa 4. Fungua mtungi wa akiba, soma geji, kisha ufunge tena. Hapo kwenye kufunga ndipo wengi husahau. Mtungi ukibaki wazi na shinikizo la bomba likashuka, mashine huanza kunywa akiba kimyakimya. King'ora kikilia, akiba nayo imekwisha.

Sasa tafuta uvujaji. Funga valvu ya kutolea hewa, ziba kwa kiganja mdomo wa saketi (mipira inayompelekea mgonjwa hewa), jaza oksijeni hadi shinikizo lifike sentimita 30 za maji, kisha simamisha mtiririko wa gesi. Lisishuke kwa sekunde 10. Likishuka, tazama kwanza kopo la chokaa inayonyonya kaboni dioksidi: chembe moja tu juu ya mpira wake wa kuzibia inatosha kuvujisha. Rudia kila vepuraiza (kifaa kinachogeuza dawa ya usingizi kuwa mvuke) ikiwa imefunguliwa, maana uvujaji wake hauonekani ikiwa imefungwa. Toa shinikizo kwa kufungua valvu, si kwa kuondoa kiganja. Hivyo unahakikisha valvu inaachia, na vumbi la chokaa halirushwi kwenye mipira.

Chokaa yenyewe haifai kuaminiwa kwa rangi peke yake. Iliyochoka hugeuka zambarau, lakini ikipumzika usiku kucha inaweza kurudia weupe. Kinachosema kweli ni kapnografu, kipimo cha kaboni dioksidi kwenye pumzi: mgonjwa anapovuta pumzi, mstari usiporudi sifuri, anavuta tena kaboni dioksidi yake, ama kwa sababu chokaa imekwisha au valvu ya upande mmoja imekwama. Na oksijeni ikiachwa ikitiririka wikendi nzima, chokaa hukauka. Ikikutana na desflureni, dawa ya usingizi ya kuvuta, hutoa kaboni monoksidi, ambayo kipimo cha kidoleni hakiitofautishi na oksijeni. Ukikuta hivyo, mwaga yote, weka mpya.

Pulizia mrija wa kapnografu uone wimbi. Kipimo cha oksijeni, kikiwa kwenye hewa ya kawaida, kisome asilimia 21.

Baina ya mgonjwa na mgonjwa si lazima kurudia yote, ila jaribio la uvujaji lirudiwe kila unapobadilisha mipira, kichujio au chokaa, na mashine ya kufyonza ijaribiwe tena.