Somo: Kuchagua msumeno wa meza wa bei nafuu kwa karakana ya nyumbani

Muuza duka ataanza na wati. Wewe anza na fensi, yaani ule mwamba wa kuongozea mbao, kisha kisu cha nyuma ya diski. Mashine za bei ya chini huwa na nguvu za kutosha, zinachokosa ni unyoofu. Nenda na skwea, rula ya chuma na chaki, upime hapohapo dukani, plagi ikiwa imechomolewa.

1. Fensi. Isogeze, ifunge, halafu sukuma ncha yake ya nyuma kwa kidole. Ikicheza, achana nayo. Isipocheza, tia chaki kwenye jino moja la diski, pima kutoka jino hilo hadi fensi likiwa mbele, kisha zungusha diski kwa mkono mpaka jino lilelile lifike nyuma, upime tena. Nyuma pakizidi kwa nusu milimita panavumilika. Pakipungua, mbao itabanwa kati ya fensi na diski, na meno ya nyuma, ambayo yanapanda juu, yataiinua na kukurushia tumboni.

2. Kisu cha nyuma. Ni bamba la chuma linalosimama nyuma ya diski na kupanda na kushuka pamoja nayo, likiacha nafasi ya milimita 3 hadi 8. Kazi yake ni kuzuia mkato usijifunge. Paina nyingi inauzwa ikiwa mbichi, na mbichi hujifunga kabla hujafika nusu ya ubao. Unene wa kisu uzidi bamba la diski lakini usifikie upana wa meno. Benchi nyingi za msumeno zilizochomelewa mtaani hazina kisu hiki, ndiyo maana bei yake ni ya chini.

3. Diski. Chukua mashine ya inchi 10. Inapasua mbao ya inchi 2 bila shida, hata diski ikilazwa nyuzi 45. Uliza tundu la katikati ya diski: 30 mm hupatikana kwa wingi. Diski ya meno 40 inatosha kuanzia. Kupasua mninga kwa urefu tumia meno 24, na plaiwudi meno 60 au zaidi, la sivyo inachanika upande wa chini.

4. Mota. Ya kaboni, yaani yenye vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka, ina kelele lakini ni nyepesi, na kaboni zikiisha zinabadilishwa. Ya mkanda, isiyo na kaboni na inayozungusha diski kwa mkanda, ni tulivu na nzito, haihamishiki. Nyumbani ya kaboni ya wati 1500 hadi 1800 inatosha. Kwa volti 230, wati 1800 ni ampea 8 hivi, kwa hiyo soketi ya ampea 13 inabeba. Ekstensheni iwe ya waya wa 2.5 mm², na ikunjuliwe yote. Waya mwembamba unashusha volti, mota inapata moto.

5. Shafti na meza. Shika diski, itikise kushoto na kulia. Ikicheza, beringi zimekwisha. Laza rula juu ya meza uchungulie mwanga chini yake; ukiuona, meza haiko sawa.

MASWALI

Fundi, nimeletewa ya Marekani ya volti 110. Nifanyeje?
Ikiwa ni ya kaboni, transfoma ya kVA 3 inatosha. Ya mkanda itazunguka taratibu, kwa kuwa transfoma inabadilisha volti, haibadilishi hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde): 60 ya kwao inakuwa 50 ya kwetu. Tundu la diski pia ni tofauti, inchi 5/8.

Diski mpya, mbona mbao inaungua pembeni?
Rudia kipimo cha hatua ya 1. Kama fensi iko sawa, basi unasukuma polepole mno, au meno yameshika utomvu. Chomoa plagi, utoe diski, uifute kwa mafuta ya taa, ikauke kabisa ndipo uirudishe.

Mkuu, mbao zangu ni za kupasua shambani, hakuna upande ulionyooka.
Usiuegemeze upande uliopinda kwenye fensi hata mara moja. Kata utepe wa plaiwudi ulionyooka, mrefu kuliko ubao, uufunge juu ya ubao kwa skrubu mbili, mbali na njia ya diski, ukichomoza kidogo upande wa fensi. Utepe ndio utakaosugua fensi. Ukishapata ukingo mmoja mnyoofu, toa utepe, geuza ubao, upasue upande wa pili.