Gawio limelipwa na mpangaji au na benki? Namna ya kusoma fedha za ugharamiaji kwenye mfuko wa majengo

Gawio la mfuko wa uwekezaji wa majengo likiingia kwenye akaunti yako, faida iliyotangazwa haikwambii limetoka wapi. Linaweza kuwa limetoka kwa mpangaji wa Kariakoo, kwa benki, au kwa mwekezaji mwenzako aliyenunua vipande (sehemu za umiliki wa mfuko) mwezi uliopita. Jibu liko kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, sehemu ya tatu baada ya uendeshaji na uwekezaji, yenye kichwa "shughuli za ugharamiaji", yaani fedha zinazopita kati ya mfuko na wakopeshaji au wenye vipande. Wengi huangalia jumla yake tu na kufunga kitabu, na jumla hiyo ndiyo namba isiyosema kitu.

Kwenye mfuko wa majengo, au riti kama watu wa soko wanavyouita, sehemu hii ina uzito kuliko kwenye kampuni ya saruji au ya bia. Sheria za riti katika nchi nyingi zinataka mapato mengi yagawiwe: Marekani ni angalau asilimia 90 ya mapato yanayotozwa kodi, Kenya asilimia 80 ya mapato halisi baada ya kodi. Mfuko unaogawa kiasi hicho haubaki na akiba ya maana. Ukitaka kununua jengo jipya Mikocheni, itabidi ukope au uuze vipande, na vyote viwili vinaonekana hapa.

Hatua ya 1: Pata hesabu kamili

Muhtasari unaotolewa gazetini hautoshi. Tafuta hesabu zilizokaguliwa, kisha weka alama kwenye kurasa nne: taarifa ya mtiririko wa fedha, mizania (orodha ya mali na madeni) ya miaka miwili, maelezo ya mikopo na maelezo ya gawio. Mfuko ukiwa na kampuni tanzu zinazomiliki majengo, soma safu ya kundi zima. Mikopo mara nyingi hukaa kwenye kampuni tanzu, kwa hiyo safu ya mfuko pekee itaonekana safi kupita kiasi.

Hatua ya 2: Tenganisha mistari

Huu ni mfano wa kufanyia mazoezi, kwa milioni za shilingi. Namba iliyo ndani ya mabano ni fedha iliyotoka.

Fedha kutoka uendeshaji: 3,900
Fedha za uwekezaji: (6,450)

Shughuli za ugharamiaji:
Mauzo ya vipande vipya: 2,000
Gharama za kutoa vipande: (80)
Mkopo mpya: 9,000
Marejesho ya mikopo: (4,500)
Ada za mkopo: (90)
Riba iliyolipwa: (1,150)
Pango la muda mrefu la kiwanja, sehemu ya deni: (60)
Gawio lililolipwa: (2,700)
Jumla ya ugharamiaji: 2,420

Salio la mwanzo lilikuwa 610. Jumlisha 3,900, toa 6,450, ongeza 2,420, utapata 480, na hiyo ndiyo fedha inayopaswa kuonekana kwenye mizania. Isipolingana, angalia kwanza kama mfuko una ovadrafti, yaani deni la kutoa benki zaidi ya salio. IAS 7, kanuni ya kimataifa ya uhasibu kuhusu mtiririko wa fedha, inaruhusu ovadrafti inayolipwa pale benki inapodai, na iliyo sehemu ya usimamizi wa fedha wa kila siku, ihesabiwe pamoja na taslimu.

Mkopo mpya na marejesho vimeandikwa kwenye mistari miwili, na ndivyo inavyotakiwa. Ukikuta mstari mmoja unaosema "mikopo, halisi: 4,500", dai ufafanuzi. Kuunganisha kunaruhusiwa kwa mikopo inayozunguka haraka, ya miezi mitatu au pungufu, si kwa rehani ya jengo.

Amana za wapangaji hazipaswi kuwemo humu. Kwa kawaida ni fedha za uendeshaji, ingawa zitarudishwa siku mpangaji akihama. Pia jengo lililopatikana kwa kumpa mwenye nyumba vipande badala ya fedha halionekani hapa kabisa, maana hakuna shilingi iliyopita. Litafute kwenye maelezo.

Hatua ya 3: Ijue riba imekaa wapi

Kwa IAS 7 kama inavyotumika sasa, mfuko una hiari ya kuweka riba iliyolipwa kwenye uendeshaji au kwenye ugharamiaji. Mfuko wetu wa mfano umeiweka kwenye ugharamiaji. Ungeiweka kwenye uendeshaji, fedha za uendeshaji zingesomeka 2,750 na za ugharamiaji 3,570, wakati mfukoni hakuna kilichobadilika hata senti. Ukilinganisha mifuko miwili bila kulisawazisha hili, utausifu ule uliochagua mahali pa kuificha riba. Riti za Marekani, kwa mfano, huiweka kwenye uendeshaji.

Kwa vipindi vinavyoanza 1 Januari 2027, IFRS 18, kanuni mpya ya kimataifa ya kuwasilisha hesabu, inaiondoa hiari hiyo: mfuko wa majengo usiofanya biashara ya kukopesha utaweka riba na gawio vilivyolipwa kwenye ugharamiaji. Hesabu za miaka ya nyuma bado utahitaji kuzisawazisha kwa mkono.

Riba ya jengo linalojengwa nayo ina mtego wake. Mara nyingi huongezwa kwenye gharama ya jengo na kuonekana kwenye uwekezaji. Ni fedha iliyokwenda benki vilevile, kwa hiyo ijumlishe.

Hatua ya 4: Lipime gawio

Hapa ndipo pa kutumia muda wako.

Anza na fedha za uendeshaji, 3,900. Toa riba 1,150, zinabaki 2,750. Toa pango la kiwanja 60, zinabaki 2,690. Kisha panda kwenye sehemu ya uwekezaji utafute matengenezo yasiyokwepeka: lifti, paa, jenereta, pampu za maji. Katika zile 6,450, matengenezo ni 150. 6,300 ni bei ya jengo jipya. Toa 150 tu, kwa sababu jengo jipya ni halali kugharamiwa kwa mkopo na vipande, lakini lifti iliyochakaa inapaswa kulipiwa na wapangaji wanaoipanda. Zimebaki 2,540.

Gawio lililolipwa ni 2,700. Kwa hiyo milioni 160 hazikutoka kwa wapangaji.

Sasa rudi kwenye marejesho. Katika 4,500, maelezo yanaonyesha 4,000 zilifuta mkopo wa zamani kwa kutumia mkopo mpya, na 500 ni marejesho ya kawaida kwa ratiba ya benki. Zile 4,000 ziache. Wapo wachambuzi wanaoziacha hata hizi 500, nami sikubaliani nao: fedha ambayo benki inaichukua kila robo mwaka haiwezi kugawiwa. Ukizitoa, zinabaki 2,040, na pengo linafika 660.

Bado kuna jambo la Dar es Salaam lenyewe. Wapangaji wengi wa maduka na ofisi hulipa pango la miezi mitatu, sita au hata mwaka mzima mbele. Malipo ya Desemba kwa ajili ya mwaka unaofuata yanaingia kwenye uendeshaji wa mwaka huu. Fungua mizania, tafuta "pango lililopokelewa kabla ya muda". Likiwa limepanda kutoka 300 hadi 750, basi 450 kati ya zile 3,900 ni mali ya mwaka ujao, na pengo halisi ni 1,110. Mwaka mmoja wa hivi unaweza kuwa na sababu njema, labda jengo jipya halijajaa. Miaka mitatu mfululizo maana yake gawio linalipwa kwa mtaji wako mwenyewe.

Hatua ya 5: Funga hesabu ya mkopo

Tangu 2017 IAS 7 inataka maelezo yanayoonyesha deni limetembeaje kutoka mwanzo hadi mwisho wa mwaka. Jedwali la mfano wetu:

Deni la mwanzo: 10,000
Mkopo mpya: 9,000
Marejesho: (4,500)
Ada zilizolipwa: (90)
Ada zilizogawanywa kwenye mwaka: 25
Tofauti ya thamani ya dola: 340
Deni la mwisho: 14,775

Kosa la kawaida ni kuchukua 14,775, kutoa 10,000, na kusema mfuko umepata 4,775 kutoka benki. Fedha iliyopita kweli ni 4,410. Zile 365 za katikati ni ada za kwenye vitabu (25, sehemu ya ada iliyohesabiwa kuwa gharama ya mwaka) na kupanda kwa dola (340), na hazina nafasi kwenye mtiririko wa fedha. Ukizikuta huko, kuna aliyekosea.

Hiyo 340 isikupite. Tanzania, kanuni za 2025 zimepiga marufuku kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo pango linaingia kwa shilingi. Mkopo ukiwa wa dola, shilingi ikishuka marejesho yaleyale yatameza shilingi nyingi zaidi, na pango halitapanda kuyafuata.

Hatua ya 6: Gawio na vipande

Gawio lililotangazwa na lililolipwa havifanani. Gawio la kulipa mwanzoni mwa mwaka lilikuwa 650, likatangazwa 2,860, mwishoni likabaki 810: lililolipwa ni 2,700, sawa na mstari wetu. Isipolingana, huenda baadhi ya wawekezaji walipewa vipande badala ya fedha. Na kama vipande vya mfuko vimehesabiwa kuwa deni, gawio litaandikwa kama gharama za fedha, kwa hiyo litafute kwa jina hilo.

Kwa vipande vipya, gawanya 2,000 kwa idadi iliyouzwa, ulinganishe na thamani halisi ya kipande (mali za mfuko ukitoa madeni, kugawanya kwa idadi ya vipande) kabla ya mauzo. Bei ikiwa chini, waliokuwemo wamepunguziwa sehemu yao hata kama fedha zilizoingia ni nyingi.

Hatua ya 7: Angalia mkopo unaiva lini

Kwenye maelezo ya hatari za kifedha kuna jedwali la madeni kwa muda: ndani ya mwaka, mwaka hadi miaka miwili, na kuendelea. Kama zile 9,000 zinadaiwa zote kwa mkupuo baada ya miaka mitatu, mfuko utalazimika kukopa upya, kuuza jengo au kuuza vipande siku hiyo, kwa riba na bei zitakazokuwepo sokoni. Ulizeni kwenye mkutano mkuu ni majengo yapi yamewekwa rehani, na ni kiwango gani cha deni kinachoipa benki haki ya kuzuia gawio lisilipwe.