Bastola kiunoni, filimbi shingoni: ya kupanga kabla hujaingia msituni

Tangu Februari 2021, mtu mzima anayeruhusiwa kumiliki silaha katika jimbo la Montana, Marekani, anaweza kubeba bastola chini ya koti karibu kila mahali bila kibali. Idaho ilitangulia mwaka 2016, Alaska mwaka 2003. Wenzetu wa Missoula, Montana, na Boise, Idaho, wengi wao Wakongo waliopitia makambini, wamekwisha kuzoea kumwona jirani akienda kuvua samaki na bastola kiunoni, na baadhi wamenunua za kwao. Ukiwauliza ni ya nini, wengi hawamtaji jambazi. Watakuambia dubu, au kupotea porini, au gari kutumbukia mtoni. Basi tuyapitie hayo kabla hujafunga mkanda, kwa sababu kazi nyingi kati ya hizo bastola haiziwezi, na zile chache inazoziweza zina masharti yake.

Anza na karatasi zako. Kutodaiwa kibali si sawa na kuruhusiwa kumiliki. Sheria ya nchi nzima inamkataza mwenye viza ya muda, awe mwanafunzi au mgeni wa matembezi, kushika bunduki na hata risasi moja, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa. Ambaye kesi yake ya kuomba hifadhi ya ukimbizi haijaamuliwa amwone mwanasheria kwanza, kwani kosa la silaha linaweza kumfukuzisha nchini. Na ukienda Yellowstone, jua kwamba tangu Februari 2010 unaweza kuingia na bastola katika hifadhi za taifa kwa kufuata sheria za jimbo, ila majengo ya serikali humo ndani huingii nayo, na kuifyatua kumebaki marufuku.

Sasa dubu, maana hapo ndipo maneno mengi. Watafiti wawili, Tom Smith na Stephen Herrero, pamoja na wenzao, walikusanya visa vya Alaska na kuvichapisha mara mbili. Mwaka 2008 walionyesha kwamba kopo la pilipili, lile la kumpulizia dubu usoni, lilimsimamisha dubu wa kahawia mara 92 katika kila 100. Mwaka 2012 wakageukia bunduki: bastola zilifaulu mara 84 katika 100, lakini kwa jumla waliofyatua waliumia sawasawa na waliokuwa na silaha wasiifyatue. Wapenda bastola husema tafiti hizo mbili haziwekwi kwenye mzani mmoja, na hapo wana hoja, kwa kuwa visa vyenyewe havikuwa vya aina moja. Mimi ninachokiona ni hiki: kopo linatoa wingu pana, na mkono unaotetemeka bado unaweza kulielekeza. Risasi ni tundu moja dogo, na dubu anayekuja mbio hakupi nafasi ya kurekebisha shabaha.

Ukiamua kubeba vyote viwili, jaribu nyumbani ukiwa umevaa kila kitu. Mkanda wa kiunoni wa begi la mgongoni hufunika ala ya bastola kabisa. Niligundua hilo nikiwa nimeshaanza kupanda mlima, nikipapasa kiuno changu kama mtu aliyepoteza pochi sokoni. Ndiyo sababu wavuvi wa huku huivaa kifuani. Kopo nalo likae mahali ambapo mkono wa pili unafika, na utazame tarehe yake ya mwisho kabla ya kila msimu.

Usisahau pia yanayofuata baada ya kufyatua. Katika majimbo ya Marekani yaliyo kusini ya Kanada, grizli, aina ya dubu wa kahawia, analindwa na sheria ya nchi nzima tangu 1975. Ukimuua kwa kuokoa maisha lazima uripoti, na wachunguzi watakuja kutazama kila ganda la risasi. Alaska wanakutaka umchune dubu huyo, ngozi na fuvu uvikabidhi kwa serikali. Fikiria unaifanya kazi hiyo kwa kisu cha mfukoni, jua linazama, na mwenzio amejeruhiwa.

Kupotea. Ishara ya kuomba msaada ni milio mitatu yenye nafasi sawa, kisha kimya cha kusikiliza. Bastola inaweza kuitoa, lakini risasi zako 15 ni ishara tano tu, halafu basi. Zaidi ya hapo, msimu wa kuwinda, mwishoni mwa Oktoba na Novemba yote, milio imejaa kila bonde na hakuna anayegeuza shingo. Ukilazimika, elekeza mtutu kwenye ukingo wa udongo laini, kamwe si kwenye mwamba wala ardhi iliyoganda, na kamwe si juu. Risasi iliyopanda hurudi: Phoenix, Juni 1999, binti wa miaka 14 aliuawa na risasi iliyotoka angani akiwa nyumbani kwao, na mwaka uliofuata Arizona ikatunga sheria kali kwa sababu hiyo. Filimbi haiishiwi risasi. Ukiwa na iPhone 14 au ya baadaye, inaweza kuomba msaada kupitia setilaiti pale ambapo mtandao haufiki. Anayekwenda mbali zaidi anunue kisambaza ishara cha megahezi 406, akisajili bure kwa NOAA, idara ya serikali ya bahari na hali ya hewa; ada ya mwezi haipo.

Gari likiingia majini, fungua mkanda, shusha kioo mara moja kabla maji hayajapanda, toka. Kupiga risasi kioo ukiwa ndani ni wazo la sinema. Vioo vingi vya pembeni siku hizi vina tabaka mbili zilizogandishwa pamoja. Risasi itatoboa tundu na kioo kitabaki palepale. Hata vifaa maalumu vina mpaka: chama cha madereva cha AAA kilipojaribu sita mwaka 2019, vinne vilivunja kioo cha kawaida na hakuna hata kimoja kilichovunja kile cha tabaka mbili. Kabla ya safari soma pembeni mwa kila kioo cha gari lako, mara nyingi aina yake imeandikwa hapo.

Kufuli likikukatalia, tafuta mkasi wa chuma. Risasi ya bastola inaweza kumrudia aliyeipiga. Moto, beba kiberiti cha gesi. Nyoka, rudi nyuma hatua mbili, atakwenda zake.

Paa aliyegongwa na gari, akihema ukingoni mwa lami, ndiye atakayekujaribu, kwa sababu huruma inakusukuma. Piga 911, namba ya dharura, kwanza. Majimbo mengi yanakataza kufyatua ukiwa barabarani, na afisa atakayekuja ama atakuruhusu ama atafanya mwenyewe. Na vizibo vya masikio viwe mfukoni: mlio wa bastola ni takriban desibeli 160, na sikio huanza kuumia papo hapo kwenye 140.

Mwisho, njia ya kufika. Ukitaka kwenda Alaska kwa gari, bastola ibaki nyumbani, kwani Kanada haikubali uipitishe kwa sababu ya dubu. Kopo la pilipili lenye maandishi ya kufukuzia dubu wanalipitisha. Kwa ndege mambo hugeuka: bastola tupu, ndani ya sanduku gumu lililofungwa na kutangazwa kaunta, inasafiri na mizigo, lakini kopo halipandi, si mkononi wala kwenye mzigo. Tenga pesa ya kununua jingine ukishuka Anchorage.