Sukari, simu na boti: kujiandaa kwa dharura ukiishi visiwa vya Lamu

Mwongozo huu ni wa mwenye kisukari anayeishi Pate, Siyu, Faza, Kizingitini au kokote ambako hospitali iko ng'ambo ya maji, na zaidi ni wa yule anayelala naye nyumba moja. Sukari ikishuka sana, mgonjwa hawezi kupiga simu wala kueleza. Kwa hivyo maandalizi yote yafanywe ili mtu mwingine ayatumie.

Hatua ya 1: Tafuta namba, kisha uzijaribu

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu huwa na namba nyingi na hakuna inayopokelewa usiku. Namba iliyoandikwa ukutani mwa zahanati mara nyingi ni simu ya mfanyakazi, na akihamishwa huondoka nayo.

Siku ya kliniki usiombe "namba ya hospitali" tu. Uliza hivi: "Sukari ikishuka saa nane usiku, nimpigie nani, na asipopokea nimpigie nani?" Unahitaji watu wanne. Wa kwanza ni muuguzi wa kliniki ya sukari, wa kumwuliza kuhusu dozi na siku za homa. Wa pili ni chumba cha dharura cha hospitali unayoweza kufika. Wa Kisiwa cha Pate waanze na Faza, kisha King Fahd mjini Lamu. Wa tatu ni mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako. Wa nne ni nahodha.

Ukishazipata, waombe ruhusa ujaribu kila namba mara mbili, mchana na baada ya isha. Isiyopokelewa mara zote mbili ifute kabisa, maana usiku wa dharura itakupotezea muda.

Kuna pia namba za taifa: 999 na 112 za dharura, na 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ambayo ni bure. 999 na 112 usizipigie majaribio. Anayepokea huenda hajui Ndau iko wapi, kwa hivyo anza na kaunti, kisha kisiwa, kisha gati la karibu, ndipo useme ugonjwa.

Nahodha anahitaji mazungumzo marefu. Kwanza wawe wawili, kwa kuwa mmoja anaweza kuwa baharini akivua. Waulize: injini yako ina nguvu gani? Mafuta ya kufika Lamu huwa yapo ndani au hununuliwa asubuhi? Una taa na maboya? Utakubali kutoka usiku wakati wa kusi? Patana bei mapema na mtaje atakayelipa, ili watu wasianze kuchangishana gatini mgonjwa amelala. La mwisho, ambalo wageni wa visiwani hulisahau, ni maji. Boti za Pate hupita mlango wa Mkanda, na maji yakipwa kina chake ni kidogo mno. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Jua leo yanajaa saa ngapi. Ikiwa dalili zimeanza na maji yanatoka, ondokeni sasa hivi, msisubiri "tuone kama atapata nafuu."

Hatua ya 2: Karatasi

Napendelea karatasi iliyowekwa plastiki na kubandikwa nyuma ya mlango kuliko programu yoyote ya simu. Simu huisha chaji au hufungwa kwa neno la siri. Andika jina, umri, aina ya kisukari, dawa na dozi zake, mzio, na zile namba. Chini yake andika maneno ya kusoma kwenye simu:

"Mgonjwa ana kisukari aina ya kwanza, anatumia insulini. Sukari yake sasa ni 2.8. Ana fahamu, anameza. Tuko Siyu, boti ipo."

Kama mashine yenu inaonyesha namba kubwa kama 50 au 180, hicho ni kipimo kingine (mg/dL; namba za mwongozo huu ni za mmol/L). Gawanya kwa 18 kabla ya kuisoma kwa daktari.

Hatua ya 3: Simu

Weka kabambe (simu ndogo ya vitufe) moja yenye chaji, kwa ajili ya dharura tu. Nyumba za mawe zina kuta nene, basi tafuta pahali mtandao unaposhika, darini au barazani, na uwaonyeshe wote nyumbani.

Hatua ya 4: Mkoba

Mashine, stripu, sindano, dawa za siku 7, sukari ya mezani ndani ya chupa kavu, maji. Chupa ya insulini inayotumika hukaa wiki 4 mahali pasipozidi nyuzi 30. Zilizofungwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika, tumia vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, na mchanga uliolowa katikati, kivulini penye upepo. Unyevu wa pwani hupunguza ubaridi wake, lakini ni bora kuliko dirishani. Barafu isiguse chupa. Insulini iliyoganda itupwe hata kama imeyeyuka.

Hatua ya 5: Sukari ikishuka

Chini ya 4, au jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa hata kama mashine haipo: vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari katika maji, au nusu ya soda ya mililita 300 isiyo "bila sukari". Msitoe halwa wala chokoleti, mafuta yake huichelewesha sukari. Pima baada ya dakika 15, rudia ikiwa bado iko chini, kisha ale chakula. Anayetumia glibenclamide (vidonge vya kushusha sukari) asiachwe peke yake hata akiamka, maana inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa. Piga simu hata akiwa mzima.

Asiyemeza au aliyezimia asipewe chochote mdomoni. Mlaze ubavu, pigia nahodha na hospitali kwa wakati mmoja, watu wawili, simu mbili.

Hatua ya 6: Sukari ikipanda

Kutapika, kiu kali, pumzi nzito yenye harufu ya matunda, au sukari juu ya 14 isiyoshuka: piga simu usiku huohuo. Mwenye aina ya kwanza asiache insulini eti kwa sababu hali chakula. Mashine ikiandika HI, sukari imezidi uwezo wake wa kupima, msidhani imeharibika.

Ramadhani, anayefunga azungumze na kliniki kabla ya mwezi kuandama. Sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6 afungue, hata kama imebaki nusu saa kuadhiniwa magharibi.